Mteja mgumu msimu wa ritani: nyaraka za dakika za mwisho, "niongezee gharama", na malipo yasiyolipwa

Mizania_Sawa

Salaam wadau. Naomba mwongozo kwa wale wanaoandaa ritani za kodi za watu binafsi na biashara ndogo. Ofisi ni ya watu wawili, wateja wanakaribia 60, na wachache kati yao ndio wanaomaliza muda wote.

Yupo anayeleta nyaraka siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho, nazo pungufu, kisha anapiga simu mara nne kwa siku kuuliza kama kazi imekwisha. Yupo anayesema "niongezee gharama kidogo, mwenzangu mhasibu wake humwongezea". Mwingine akiona kodi imepanda kuliko mwaka jana anaamua papo hapo kwamba umekosea, hesabu yenyewe hajaisoma. Yupo asiyelipa ada mpaka marejesho ya kodi yake yaingie benki. Na yupo anayeingia na barua ya adhabu mkononi, sauti imeshapanda.

Sitafuti pole. Nataka kujua: tarehe ya mwisho ya kupokea nyaraka mnaiweka lini, kwenye makubaliano mnaandika nini, anayetaka tarakimu za kubuni mnamjibu vipi, na mteja akishindikana mnamwachaje bila kumharibia ritani yake?

Kalamu_ya_Risasi

Mizania, kwanza mtenganishe asiye na mpangilio na asiye mwaminifu. Kwa nje wanafanana, maana wote huchelewa, huleta nusu na hujibu kwa mkato. Lakini asiye na mpangilio ukimpa orodha, tarehe na ukumbusho hunyooka. Asiye mwaminifu orodha haimsaidii kitu.

Kipimo cha haraka ni kuomba taarifa za benki za akaunti zote, mwaka mzima wa kodi. Wa kwanza atachelewa kuzileta, lakini atazileta. Wa pili ataleta akaunti moja, au miezi 9 akisema iliyobaki haina kitu, au atataka kujua kwa nini unazihitaji zote. Hilo si ushahidi wa kosa, ila linakwambia wapi utazame.

Makubaliano yawe ya maandishi na yasainiwe kabla hujagusa risiti hata moja. Kurasa mbili zinatosha. Taja ritani zipi na za mwaka upi, maana mteja anayelipia ritani ya mapato huamini kwamba VAT (kodi ya ongezeko la thamani) na makato ya mishahara ya wafanyakazi vimo humo humo. Taja ada, muda wa kuilipa, na kazi zisizomo: kujibu barua za ukaguzi, kuandika pingamizi, kurekebisha miaka ya nyuma. Kisha weka sentensi hii, maana ndiyo utakayoirudia kila mwaka: "Mteja anawajibika kwa ukweli na ukamilifu wa taarifa anazotoa, mwandaaji anawajibika kuzitumia kwa usahihi kwa mujibu wa sheria. Nyaraka zitakazofika baada ya tarehe fulani zitashughulikiwa kwa zamu, na mwandaaji hatawajibika kwa adhabu ya kuchelewa." Badala ya "tarehe fulani" andika tarehe yenyewe. Ukiandika "kwa wakati unaofaa", kila mtu atakuwa na wakati wake unaofaa.

Tarehe zihesabu kinyumenyume kutoka siku ya mwisho ya kuwasilisha. Siku 45 kabla, tuma orodha ya nyaraka. Siku 30 kabla, tuma ukumbusho wenye vitu vinavyokosekana tu. Ukirudia orodha nzima hataisoma. Siku 21 kabla, funga mlango wa nyaraka. Siku 10 kabla, rasimu iwe mkononi mwa mteja, na siku 5 kabla iwe imerudi na saini. Wasilisha siku 2 kabla, kwa sababu siku ya mwisho mifumo huelemewa, na namba ya uthibitisho ikichelewa kutoka huna cha kuonyesha.

Orodha yenyewe itoe kwenye ritani ya mwaka jana ya mteja huyo huyo. Usiandike "taarifa za benki". Andika "taarifa ya akaunti inayoishia na 417, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho ya mwaka wa kodi". Usiandike "mikataba ya pango". Andika "mkataba wa pango wa ghala, na risiti za miezi 12". Mtu akiona kitu kwa jina lake hukitafuta. Orodha ya jumla hubaki kwenye simu bila kufunguliwa.

Anayekuja baada ya siku ya 21 si lazima umfukuze. Anakwenda nyuma ya foleni, anatozwa nyongeza iliyomo kwenye makubaliano, na haahidiwi tarehe. Kama sheria inaruhusu kuomba muda, ombeni, lakini mwandikie waziwazi kwamba katika nchi nyingi nyongeza hiyo ni ya kuwasilisha ritani tu, haisogezi siku ya kulipa. Kwa hiyo kadirieni kodi kwa nyaraka zilizopo na ailipe kwa wakati, la sivyo riba itaanza kuhesabiwa huku yeye akiamini yuko salama. Ugomvi mwingi wa baadaye huzaliwa hapo.

Daftari_Kuu

Naongeza kwenye suala la mfuko wa risiti. Kosa kubwa ni kuanza na risiti zenyewe. Anza na taarifa ya benki, ndiyo uti wa mgongo. Kila pesa iliyotoka itafutie risiti yake. Zitakazobaki bila mstari wa benki ni malipo ya taslimu, na hizo ndizo za kuulizia: pesa hiyo ya taslimu ilitoka wapi? Ukianza na risiti, manunuzi yaleyale utayaingiza mara mbili au tatu, kwa sababu mteja ametia ankara, hati ya kupokelea mzigo na risiti mfuko mmoja, na zote tatu zina kiasi kilekile.

Kabla ya kukubali mfuko, hesabu muda. Risiti 300 kwa wastani wa dakika 2 kila moja ni dakika 600, yaani saa 10 za kazi. Mteja halijui hilo na hawezi kulijua usipomwambia. Mwambie siku anapoleta, akiwa bado na hiari: ama azipange mwenyewe kwenye jedwali la safu tano (tarehe, muuzaji, kiasi, sababu ya manunuzi, njia ya malipo), ama alipie saa hizo. Wengi huchagua jedwali, na mwaka unaofuata mfuko hauji tena.

Risiti nyingi huchapwa kwa joto, si kwa wino. Zikiachwa kwenye gari au juani huwa nyeusi, na zikikaa kwenye plastiki hufifia mpaka kubaki nyeupe. Zinakiliwe mapema. Kwa simu, risiti moja picha moja, pembe zote nne zionekane. Kwenye WhatsApp azitume kama faili, si kama picha, kwa sababu picha hupunguzwa ukubwa na tarakimu ndogo hazisomeki. Ujumbe wa sauti wenye tarakimu usiuingize kwenye hesabu. Mwandikie, "Nimeelewa mauzo ya mwezi wa tatu ni 4,150, thibitisha", na usiendelee mpaka athibitishe kwa maandishi.

Sasa jaribio linalomaliza ubishi kuhusu mauzo. Chukua yote yaliyoingia benki, tuseme 48,000. Toa uhamisho kati ya akaunti zake mwenyewe, 6,000. Toa mkopo uliopokelewa, 5,000. Toa pesa yake aliyoingiza kama mtaji, 2,000. Inabaki 35,000. Ongeza mauzo ya taslimu ambayo hayakupelekwa benki, 4,000, unapata 39,000. Kama hesabu zake hutambua mauzo siku ankara inapotoka, toa makusanyo ya madeni ya mwaka uliopita, 3,000, kisha ongeza ankara za mwaka huu ambazo hazijalipwa, 2,500. Jibu ni 38,500. Kama daftari lake la mauzo linasema 30,000, kuna 8,500 isiyo na maelezo, na hutakiwi kusonga hatua mbele mpaka ielezwe kwa maandishi. Pengine ni zawadi ya ndugu, pengine ni mkopo wa pili aliousahau, pengine ni mauzo. Uliza kwa sauti ileile unayotumia kuuliza jina la mtaa anaoishi.

Angalizo mbili. Kama amesajiliwa VAT, pesa ya wateja inaingia benki ikiwa na kodi ndani yake, kwa hiyo itoe kabla ya kulinganisha. Na kampuni za malipo ya kadi au ya simu mara nyingi huingiza pesa baada ya kukata kamisheni yao: akiuza 100 inaingia 97. Mauzo ni 100 na gharama ni 3. Ukiandika 97 umepunguza mauzo bila kukusudia, na mkaguzi mwenye taarifa za kampuni ya malipo ataliona hilo mapema kabisa.

Makosa mengine yanayomfanya mteja adhani gharama zake "zimekatwa na mhasibu" ni haya. Ameweka rejesho lote la mkopo kama gharama, kumbe ni riba pekee inayohesabiwa, mtaji wa mkopo si gharama. Ameweka mashine yote kwa mkupuo, kumbe kwa kawaida inaingia kidogo kidogo kila mwaka kupitia uchakavu, yaani kushuka kwa thamani yake, isipokuwa sheria inaruhusu kuikata yote mwaka wa kwanza. Ameweka pesa aliyochukua kwa matumizi ya nyumbani. Na VAT ameikokotoa vibaya: kama kiwango ni 20% na bei iliyolipwa ni 120 pamoja na kodi, kodi iliyomo ni 20, si 24. Unagawa kwa 1.20 kwanza. Mwonyeshe hayo mstari kwa mstari, kila kilichoondolewa na sababu yake pembeni. Ukimpa jumla tu atahisi ameibiwa.

Mizania_Sawa

Asanteni sana, jaribio la benki naanza nalo wiki hii. Lakini sijapata jibu la anayesema "niongezee gharama". Na linalonikosesha usingizi zaidi ni hili: ukifanya jaribio hilo ukagundua kwamba mauzo ya mwaka jana, kwenye ritani ambayo tayari imewasilishwa, yalikuwa pungufu, unafanyaje?

Uadilifu_Kwanza

Maswali mawili tofauti. Nianze na la gharama.

Anayesema "niongezee gharama" usimjibu kwa hotuba ya sheria. Mwulize: gharama ipi, alilipwa nani, lini, kwa njia gani? Mara nyingi nyuma ya ombi hilo kuna gharama halali aliyoisahau. Kaa naye dakika 20 mpitie pamoja: simu na intaneti ya biashara, makato ya benki, bima, usafiri wa kikazi wenye kumbukumbu, ada za leseni, matengenezo, sehemu ya nyumba inayotumika kama ofisi kama sheria inaruhusu, wadaiwa ambao imethibitika hawalipi, na ada ya mhasibu mwenyewe. Ukimpatia punguzo la halali, haja ya kubuni huisha kwa wengi wao. Gari linalotumika kwa biashara na nyumbani ligawe kwa umbali: kama kilomita 12,000 kati ya 20,000 ni za kazi, gharama ni 60%. Daftari la safari lazima liwepo, lenye tarehe, mahali na sababu. Asilimia aliyoikisia mteja akiwa amekaa mbele yako haina mguu wa kusimamia.

Akishikilia kubuni, jibu ni sentensi moja, taratibu: "Siwezi kuandika gharama ambayo haikutumika. Ukipata uthibitisho wake kabla ya tarehe fulani nitaiingiza." Halafu nyamaza. Usijieleze zaidi, maana kila sababu utakayoongeza atapata pa kuijibu. Siku hiyo hiyo mwandikie barua pepe fupi: uliomba hili, nimeeleza kwamba haliwezekani kwa sababu hii, ritani itaandaliwa kwa nyaraka hizi. Usiandike kwa hasira wala kwa kumtuhumu. Andika kama kwamba barua hiyo itasomwa siku moja na mtu wa tatu, kwa sababu huenda ikasomwa.

Usidanganyike na "mimi ndiye mwenye ritani, wewe andika tu". Nchi nyingi zina adhabu inayomlenga mwandaaji mwenyewe aliyeandika uongo akijua. Na kwa walio wanachama wa bodi za uhasibu, kanuni za maadili za kimataifa zinazotolewa na IESBA, bodi ya kimataifa ya viwango vya maadili ya wahasibu, zinakataza mhasibu kuhusishwa, huku akijua, na ritani au taarifa yenye uongo mzito, iliyotolewa bila kujali ukweli wake, au inayoficha jambo kwa namna ya kupotosha. Kulipwa ada na kupata idhini ya mteja hakuondoi marufuku hiyo.

Kuhusu mauzo ya mwaka jana yaliyopungua. Hatua ya kwanza ni kuhakikisha. Rudia jaribio la benki kwa mwaka huo, weka karatasi zako za kazi pamoja, tafuta kama kosa ni la mteja, la ofisi, au la mwandaaji aliyetangulia. Hatua ya pili ni kumweleza mteja, ana kwa ana kisha kwa maandishi: kosa ni nini, kodi ya ziada ni takriban kiasi gani, riba inaendelea, na mnashauri ritani irekebishwe. Katika nchi nyingi anayejitokeza mwenyewe kabla ukaguzi haujaanza hupata adhabu ndogo kuliko anayefumaniwa. Mweleze hilo kwa tarakimu, si kwa vitisho.

Huwezi kurekebisha bila idhini yake, ritani ni yake. Lakini akikataa, angalia kama kosa linaingia mwaka huu. Mali iliyobaki stoo mwisho wa mwaka jana ndiyo mali ya kuanzia mwaka huu, hasara ya mwaka jana inaletwa mbele, thamani ya mashine inaendelea, na mauzo yaliyofichwa hurudi kama "mtaji" wenye asili isiyoeleweka. Kama linaingia, ritani ya mwaka huu nayo itakuwa ya uongo, na hapo hakuna njia ila kujitoa.

Jambo moja la kuliangalia mapema: kukimbilia mamlaka ya kodi kumripoti ni kuvunja usiri, isipokuwa sheria inakulazimisha. Na ziko nchi ambazo sheria ya utakatishaji fedha inamlazimisha mhasibu kutoa taarifa, tena inamkataza kumdokeza mteja kwamba ametoa. Kwa hiyo dalili zikiwa nzito, zungumza na mwanasheria kabla hujamwambia mteja lolote. Ukishamdokeza huwezi kulirudisha neno.

Riba_na_Adhabu

Naenda kwa yule anayebishia tarakimu. Wengi wao si wagumu, wameelezwa vibaya tangu zamani. Rasimu isiende peke yake. Iambatane na karatasi moja ya ulinganisho yenye safu nne: mwaka jana, mwaka huu, tofauti, sababu. Mistari mitano au sita inatosha. Akiona "mauzo yamepanda 9,000, punguzo la mashine limekwisha, makato ya kodi ya zuio (inayokatwa kabla pesa haijakufikia) yamepungua", simu ya malalamiko haipigwi.

Dhana potofu ni zilezile, na dawa yake ni mfano mfupi.

"Mwaka jana nilirudishiwa, mwaka huu nadaiwa, kwa hiyo kodi imepanda." Mwonyeshe: kodi ya mwaka jana 900, zilizokatwa njiani 1,200, akarudishiwa 300. Mwaka huu kodi ni 900 ileile, zilizokatwa 850, anadaiwa 50. Kodi haikubadilika hata senti. Marejesho ni pesa yake iliyokatwa kupita kiasi.

"Nikivuka daraja nitalipa asilimia kubwa kwa yote." Chukua viwango vya mfano: 1,000 ya kwanza 0%, 1,000 inayofuata 10%, inayozidi hapo 20%. Mwenye 2,100 analipa 0 + 100 + 20, jumla 120. Halipi 20% ya 2,100, ambayo ingekuwa 420. Kilichovuka ni ile 100 ya juu tu.

"Ninunue kitu mwisho wa mwaka nipunguze kodi." Gharama ya 100 kwa mtu wa kiwango cha 20% inapunguza kodi kwa 20. Ile 80 imetoka mfukoni. Kama kitu kinahitajika, anunue. Kama hakihitajiki, ametumia 100 kuokoa 20.

Sasa mwenye barua ya adhabu. Usianze kujitetea na usianze kumtuliza. Omba barua, na uisome yote mbele yake, kwa mpangilio huu: tarehe ya barua, ni kodi ya aina gani, kipindi gani, na siku ya mwisho ya kujibu au kuweka pingamizi. Hiyo ya mwisho iandike kwenye kalenda palepale, kwa sababu dirisha la pingamizi likifungwa hata hoja nzuri haina mahali pa kwenda. Kisha tenganisha vipande vitatu ambavyo yeye anaviona kimoja: kodi yenyewe, riba, na adhabu. Kodi iliyopungua ingelipwa tu, hata kama ritani ingekuwa sahihi tangu mwanzo. Riba ni ya pesa iliyokaa kwake. Adhabu ndiyo ya kujadili nani aliisababisha, na ndiyo ambayo mara nyingi inaweza kuombewa msamaha.

Baada ya hapo fungua faili: tarehe uliyoomba nyaraka, tarehe zilipofika, tarehe ya rasimu, tarehe ya saini yake, namba ya uthibitisho wa kuwasilisha. Kama tarehe zinaonyesha kosa ni la ofisi, sema hivyo siku hiyo hiyo na lipieni adhabu hiyo. Kuzungushana wiki tatu kunagharimu kuliko adhabu. Kama ofisi ina bima ya makosa ya kitaaluma, iarifuni kabla ya kukiri kwa maandishi, maana bima nyingi huweka sharti hilo. Kama kosa si la ofisi, mwonyeshe tarehe zenyewe bila kupaza sauti. Akiendelea kufoka, mwambie utampigia kesho saa fulani ukiwa na jibu la maandishi, na umpigie saa hiyo hiyo.

Hesabu_Safi

Ada na nywila hazijaguswa vya kutosha.

Ada nusu ilipwe siku ya kusaini makubaliano, nusu rasimu inapokuwa tayari, kabla ya kuwasilisha. Ukishawasilisha huna tena unachokishikilia. Wapo wanaodai ada yote mapema. Kwa mteja aliyewahi kukimbia deni ni sawa, kwa mwingine naona inamfanya ajione ameshanunua muda wako wote na haachi simu. Usikubali asilimia ya marejesho. Bodi nyingi za kitaaluma zinakataza au kubana ada ya namna hiyo, kwa sababu anayelipwa kwa ukubwa wa marejesho ana kishawishi cha kuyakuza. Na marejesho yasipitie kamwe akaunti ya ofisi, hata mteja akiomba mwenyewe.

Akikataa kulipa, tofautisha nyaraka zake na karatasi zako. Risiti, taarifa za benki na mikataba ni vyake, mrudishie. Jedwali ulilotengeneza na rasimu ambayo hajailipia ni kazi yako, ingawa nchi nyingine zina masharti kuhusu kipi unaweza kuzuia, kwa hiyo soma kanuni za mahali ulipo. Kushikilia nyaraka asili za mtu huku tarehe ya mwisho inakaribia ndiyo njia ya mkato ya kupelekewa malalamiko kwenye bodi.

Anayesema "si ulibonyeza tu" hajui kilichofanyika. Ankara isiwe na mstari mmoja wa "kuandaa ritani". Andika: usuluhisho wa benki (kulinganisha daftari na taarifa ya benki) akaunti 3, risiti 214 kupangwa, hesabu ya uchakavu wa mali 6, rasimu na marekebisho 2, kuwasilisha.

Nywila: usitumie akaunti ya mteja kwa nywila yake ikiwa mfumo wa mamlaka una njia ya kumsajili wakala. Na kamwe usiweke namba yako ya simu au barua pepe yako mahali pa zake. Inaonekana ni kurahisisha kazi, lakini barua ya ukaguzi ikija inakuja kwako, ukiwa msibani huioni, na muda wa kujibu unapita. Mkigombana atasema umeteka akaunti yake, na kwa kweli atakuwa sahihi.

Kalamu_ya_Risasi

Limebaki swali la kumwacha mteja. Sababu zinazotosha: amesema uongo kwa makusudi, amekataa kurekebisha kosa zito, haleti nyaraka misimu miwili mfululizo, halipi, au anawatukana watu wa ofisini. Kodi kupanda na mteja kununa si sababu.

Wakati mzuri ni baada ya ritani kuwasilishwa na kabla ya msimu unaofuata. Katikati ya kazi mwache tu kama uadilifu umeguswa, na hata hapo mpe muda wa kupata mwingine. Siku 30 kabla ya tarehe ya mwisho ni sawa, siku 3 kabla ni kumtupa.

Barua ya kusitisha huduma iwe fupi: huduma inakoma tarehe gani, kazi ipi imekamilika, ipi haijakamilika, tarehe za mwisho zinazomsubiri (zitaje zote, na pingamizi kama lipo), nyaraka gani zinarudishwa, na deni kama lipo. Sababu si lazima, na kama ni uongo wake, usiitaje. Ambatanisha orodha ya nyaraka ulizomrudishia na uhakikishe ameisaini. Siku hiyo hiyo jiondoe kama wakala kwenye mfumo wa mamlaka na uhifadhi uthibitisho, la sivyo barua zake zitaendelea kuja kwako.

Mwandaaji mpya akikuandikia kuuliza habari zake, usijibu mpaka upate idhini ya mteja kwa maandishi. Ukiipata, toa salio za mwisho, jedwali la uchakavu na nakala ya ritani iliyowasilishwa. Akiikataa idhini, mjibu mwenzako kwamba hukuruhusiwa kusema, na uishie hapo. Mwenzako ataelewa.